Usukani Uliowekwa Uzito wa Lori

Nilimaliza chuo mwaka 2012 nikarudi Lodwar na shahada ya takwimu ambayo kwa miezi mingi hakuna aliyeihitaji. Mwaka uliofuata shirika moja la mambo ya mifugo liliniita kwa usaili, nikafaulu. Kisha wakaniambia bado kuna jambo moja. Afisa wa nyanjani huendesha gari mwenyewe, kwa hiyo baada ya wiki tatu dereva wao mkuu angenijaribu kule Kakuma, kwenye mchanga. Nikishindwa, kazi ingekwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Leseni nilikuwa nayo. Niliipata nikiwa chuoni, ndani ya gari dogo, kwenye lami, mwalimu akiwa na breki yake upande wa pili. Mchanga sikuwahi kuuendesha. Nilihamia Kakuma kwa dada yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, kana kwamba kulala karibu na mahali pa jaribio kungenisaidia. Hatukumjua mtu wa kutuazima gari. Nilikaa tu nikiwaza njia za kushindwa: kuzima injini, kukosea geya, kukanyaga klachi nikidhani ni breki, kugonga mbuzi wa mtu.

Dada ndiye aliyeniambia kuhusu chumba cha gemu katika kambi ya wakimbizi ya hapo Kakuma. Mwenye chumba alitumiwa usukani na ndugu yake aliyehamishiwa ng'ambo. Ulikuwa usukani wa kweli kwa ukubwa, umefungwa kwenye meza kwa skrubu, pedali tatu chini zimekalia kipande cha tairi ili zisiteleze. Ndani yake mlikuwa na mota. Gari la kwenye skrini likikata kona, usukani ulivuta kurudi katikati. Likipanda changarawe, ulitetemeka mpaka viwiko. Na tairi za mbele zikianza kuteleza, ulilegea ghafla mikononi, kabla hata macho hayajaona kitu.

Huko kulegea ndiko kulikonipa matumaini. Nilifikiri: kumbe gari husema.

Bwana wa usukani ule hakuwa mwenye chumba bali mzee mmoja kutoka Sudan Kusini, aliyekuwa dereva wa lori kabla ya vita kumleta kambini. Alikuja kila asubuhi baada ya maombi, shati limepigwa pasi. Ndiye aliyepanga nguvu ya mota, na aliipandisha hadi mwisho, kwa sababu lori lake la zamani lilikuwa hivyo.

"Mzee, punguza bana, inaumiza mikono," kijana mmoja alilalamika.

"Inaumiza?"

"Sana!"

"Basi ni ya kweli."

Hakuna aliyebishana naye. Kati yetu sote ni yeye peke yake aliyewahi kuendesha gari zito, na vijana walipojisifu kwamba gemu yao ni kama gari lenyewe, walimaanisha kama lori la mzee. Nami niliafiki kwa kichwa. Sikuwa na gari lingine zito la kulinganisha.

Mimi aliniita ustaz, neno la Kiarabu cha Juba kwa mtu aliyesoma.

"Ya ustaz, shika vizuri. Huo si uma wa wali."

"Nimeshika, mzee."

"Pigana nao! Ukiulegezea, unakutupa."

Vijana nyuma yangu walicheka. "Sista anapeleka mbuzi sokoni," mmoja alisema. "Mwacheni, watafika Krismasi."

Nilikwenda kila siku kwa wiki tatu. Niliandika kwenye daftari usukani unafanya nini kwenye lami, kwenye nyasi, kwenye changarawe. Mabega yaliuma, kisha yakaacha. Siku moja nilimuuliza mzee kama mchanga nao ni hivyo. Alifikiri kidogo, akasema kwamba kila ardhi humfikia dereva kupitia mikono. Kisha akakaa zamu yake, akaendesha polepole kuliko wote, bila kushindana na mtu, akitoa ishara kila kona.

Siku ya jaribio dereva mkuu alikuja na Landikruza nyeupe. Alikuwa Mturkana wa makamo mwenye fomu mkononi.

"Ejok," alinisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok," nilijibu.

"Wewe ndiye wa digrii? Haya madam, tupeleke ng'ambo ya laga."

Laga ni mto usio na maji, na ule ulikuwa mpana, mchanga mweupe wenye mikondo ya tairi za magari yaliyotangulia. Niliwasha. Nilishika usukani kwa nguvu zangu zote, nikageuza, na karibu niliingize gari kichakani. Usukani ulizunguka kama kifuniko cha chupa. Gari lile lilikuwa na pawa, mtambo unaomsaidia dereva kugeuza usukani. Kazi niliyofanya kwa mabega wiki tatu ilihitaji vidole viwili tu.

"Pole pole," alisema.

Niliingia mchangani. Nikasubiri. Hakukuwa na mvuto, hakukuwa na mtetemo. Gari liliyumba, nikarekebisha; liliyumba tena, nikarekebisha tena, na kila mara nilingoja mikono iniambie nimegeuza kiasi gani. Mikono haikusema lolote. Niliamini kwamba hatari bado iko mbali kwa sababu usukani haujalegea. Injini ilianza kunguruma kwa shida, kiti kikashuka nyuma, nikakanyaga mafuta. Tukasimama.

"Zima," alisema. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Usukani ulegee."

Alielekeza kidole dirishani. "Toa kichwa nje. Tazama tairi yako."

Nilitoa kichwa dirishani. Tairi ya mbele ilikuwa imepinda hadi mwisho kushoto, imezikwa nusu, ikisukuma mchanga kama jembe. Mimi nilidhani imenyooka.

"Kwa mchanga, madam, hatuulizi usukani," alisema. "Usukani ni mwongo. Sisi tunatoa kichwa, tunatazama tairi iko wapi. Hata mama yangu angekuambia, na hajui kuendesha."

Tulichimba kwa sepetu. Alipunguza upepo kwenye tairi, akaniambia nihamie upande wa abiria. Nilielewa maana yake. Nilifikiri nitalia, nikasubiri, na kulia nako hakukuja. Mchanga ulikuwa moto kwenye viatu. Niliufikiria huo.

Alilitoa gari lagani kichwa kikiwa nje ya dirisha, mkono mmoja juu ya usukani. Usukani ulicheza wenyewe kushoto na kulia, naye aliuacha ucheze.

"Unasikia nini hapo mkononi?" nilimuuliza.

"Hapa? Hakuna." Akafikiri. "Nasikia njaa."

Aliegesha mbele ya nyumba ya dada, akaweka fomu kwenye goti, akaandika. Hakunificha. Aliandika kwamba sijui mchanga, wamwite anayefuata. Akaniuliza jina langu linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja, akaziandika taratibu mpaka ya mwisho.