Mke Wangu Alizikata Nywele Zile kwa Mkono Wake, Leo Naitwa Mchawi

Admin, naomba ufiche jina langu na la mke wangu. Hapa kwetu mtu akikohoa Musonoi, Kolwezi mjini wanampa pole.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na saba, fundi umeme katika karakana ya magari ya mgodi. Babu zetu, mimi na mke wangu, walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi. Tuna miaka minane ya ndoa na hatujapata mtoto.

Nina mchezo wangu, na najua baadhi yenu mtacheka. Naunda magari ya vita madogo, ya kuenea kiganjani. Mhandisi mmoja mgeni alitufundisha vita vya mezani kabla hajarudi kwao. Kila mtu ana jeshi lake, mnapima mwendo kwa tepu, mnarusha dadu kujua nani amepigwa. Tuko wanne, tunacheza Jumamosi mchana. Yule mhandisi, magari yake yalikuwa ya dukani huko kwao. Mimi nikaanza kuunda yangu kwa vitu vya nyumbani.

Mwili wa kifaru nautoa kwenye kopo la sardini. Mzinga ni bomba la kalamu, magurudumu ni vifuniko vya dawa ya meno, minyororo ni zipu za jeans zilizokufa. Kabla sijaziba kwa gundi naweka ndani kijiwe cha kijani, malakite, ili gari liwe zito lisipinduke dadu likiligonga. Vijiwe hivyo hapa unaviokota njiani. Kilichonishinda ni wavu wa kujificha, ule wanajeshi wanaofunikia gari porini. Mke wangu ndiye aliyesema nijaribu mabaki ya nywele zake za kusuka, na akazikata mwenyewe. Alama nyekundu ni rangi yake ya kucha, na mara nyingi alipaka yeye kwa sababu mkono wangu ni mzito. Alikuwa ananiita jenerali. Katika nyumba isiyo na mtoto tulikuwa na kitu cha kufanya pamoja, na mimi nilifurahi sana.

Mwezi uliopita shangazi yake alikuja kutoka Lubudi kututembelea. Ni mama wa maombi, wa kuona mambo. Siku moja nikiwa kazini alitafuta blanketi juu ya kabati akakuta katoni ninamofichia magari yasipate vumbi. Akaona nywele, akaona wekundu. Moja likamponyoka, likapasuka, kijiwe kikatoka. Niliporudi, yote kumi na tano yalikuwa yamechomwa uani kwa mafuta ya taa, yamebaki makopo meusi. Nililia kidogo, siwafichi.

Kesho yake nikaitwa kikao kwa baba mkwe. Mchungaji wao alikuwepo. Shangazi akaweka kijiwe mezani.

"Nywele ya mutoto yetu inafanya nini mu kintu ya vita, na jiwe ndani? Iyi njo ilifunga tumbo yake."

Mimi nilikuwa nimetulia, karibu nitabasamu, kwa sababu shahidi wangu alikuwa amekaa pale pale. Baba mkwe akamgeukia mke wangu, akamuuliza kama anavijua vile vitu. Mke wangu akaangalia magoti yake.

"Mi siyue, papa. Yeye njo anajua."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naisikia tu kwa watu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka miwili iliyopita tulikwenda kwa daktari Lubumbashi. Alituambia kwamba mirija ya uzazi ya mke wangu imeziba kwa ugonjwa wa zamani, akatupa karatasi. Njiani kurudi mke wangu alinishika mkono akaniomba watu wa kwao wasijue kamwe, maana anajua wanavyomsema mwanamke asiyezaa. Nikaahidi. Mama yangu mzazi alipouliza, nilimwambia tatizo ni langu, na mpaka leo ananichemshia mizizi. Kwa hiyo siku ile ya kikao mke wangu alijua nywele zimetoka wapi, na alijua kilichofunga tumbo ni nini.

Wamembakiza kwao. Sharti lao ni moja: Jumapili nisimame kanisani mbele ya wote, nikubali kwamba nilimfunga, mchungaji aniombee, nimchukue mke wangu. Jana alinipigia simu akilia. "Sema tu ndiyo, cheri. Bote batanyamaza, na mi nitarudia ku nyumba." Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba nywele alikata yeye. Akashusha sauti.

"Ningesema ile, bangeuliza na ingine."

Nilimwelewa, ile ingine ni karatasi ya daktari, na ndiyo maana nimeumia zaidi. Hakupotewa na akili kwa woga. Alitupima sisi wawili akaona mimi ndiye wa kutupwa.

Nikisema ndiyo, nani atanipa tena mtoto wake nimshike? Na tumbo halitafunguka kwa ndiyo yangu. Mwaka ukipita bila mimba watarudi kusema bado sijamwachia. Nikitoa karatasi ya daktari nitasafika saa ile ile, na wao watamwangalia yeye kama wanavyoniangalia mimi leo. Wenzangu wa mchezo wa Jumamosi wanasema nimwache tu, lakini karatasi hawaijui. Nampenda bado. Nina hasira naye pia.

Jumapili ni keshokutwa. Atakuwa amekaa mbele na mama yake, ananiangalia mdomo. Ninyi mnaosoma, hasa mlio na ndoa, nipeni shauri: nikisimama pale, niseme nini?