Kuamia Goli

Kila Jumapili timu yetu ya Michenga ilifungwa magoli ya aibu, mpaka alipokuja kocha wa mabeki kutoka Ifakara. Alituambia tulinde goli kama tunavyoamia ndege kwenye mpunga: usimkimbize ndege mmoja ukaacha shamba zima wazi. Tulimwelewa hapo hapo. Tukaacha kuufuata mpira kama kuku, tukajipanga mstari mmoja, tukaanza kutoka sare hata na timu za mjini. Nikaanza kuamini, mjinga mimi.

Kisha mpunga ukatoa masuke, ndege wakaja. Mechi iliyofuata niliisikilizia juu ya dungu la shambani, kombeo mkononi, na mabeki wenzangu wote walikuwa kwenye madungu yao. Shangwe zililipuka uwanjani, tena na tena. Sikuwa na haja ya kuuliza ni za nani.