Karatasi za Makongeni

Muhonja Kweyu alizaliwa Makongeni, kwenye nyumba za reli, na hakukuwa na mlango wa mtaa ule asioujua. Ndiyo maana mwaka wa 1996, alipomaliza kusomea kompyuta mjini, mradi mmoja wa utafiti ulimchukua mbiombio. Kazi yake ilikuwa kuuliza watu wanatumia kiasi gani kwa matibabu, kisha kuyachapa majibu kwenye kompyuta. Ripoti ndiyo ingeamua kama ada ya zahanati ya mtaa itaondolewa au itapandishwa.

Matata yalianzia kwa jirani yake Ayuma, ambaye mwanawe Shiundu, wa miaka minne, alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta.

"Mwezi uliopita mlitumia pesa ngapi hospitali?"

"Hakuna. Kama sina pesa ya kadi ya kuingilia, nitaenda kufanya nini huko?"

Muhonja akaandika sufuri. Ofisini, kompyuta ikaitia sufuri hiyo kapu moja na watu wenye afya zao. Nyumba arobaini na moja zilikuwa vivyo hivyo! Watu wanaumwa hoi, na mashine inasema hawana shida yoyote. Alimweleza msimamizi wake, Johnson, mtu mpole wa vitabu.

"Nakuelewa," Johnson akasema, "lakini fomu haina mahali pa kuandika sababu. Na ripoti inaenda Jumatatu."

Anaelewa! Kuelewa kwa namna hiyo kunaudhi kuliko matusi. Alhamisi, wenzake walipotoka kwenda kula, Muhonja alichukua kifutio akazifuta sufuri zote, akaandika mia tatu hapa, mia nane pale, kisha akayachapa majibu upya. Alijua ni uongo, ila angalau kompyuta ingewaona.

Kwa kuchanganyikiwa kwake alisahau jambo moja: msimamizi hurudi kwenye nyumba chache kuhakikisha majibu. Ijumaa asubuhi Johnson alienda Makongeni mwenyewe. Aliporudi, alizifunga fomu za mtaa mzima kwa kamba akazisukuma chini ya meza.

"Nimeuliza nyumba tano, na zote zimekana kutumia hata senti. Sasa sijui jibu gani ni lao na gani ni lako. Makongeni imetoka kwenye ripoti, Muhonja. Yote. Na wewe nenda nyumbani."

"Nizirudishe zilivyokuwa, tafadhali. Nakumbuka kila moja."

Johnson alitikisa kichwa.

Alirudi kwa miguu, amevunjika moyo kabisa. Ayuma alikuwa mlangoni, amempakata mtoto, uso umechangamka.

"Mkubwa wenu alikuja leo! Nimemwambia ukweli wote, ati sijatumia hata ndururu. Akaandika, nikaona amehuzunika sana." Akamweka mtoto vizuri begani. "Sasa hiyo ada wataitoa lini? Huyu anaweza kungoja mpaka wiki ijayo?"

Muhonja alifungua mdomo. Shiundu akaanza kukohoa, na wote wawili wakamsubiri amalize.