Lugha ya Wezi Niliyofundishwa na Mama Kipofu

Juzi nilirudi Majengo, kule Nyeri, nikawakuta vijana wakipiga Sheng yao kando ya msikiti. Nikawauliza kama wanajua yai ni nini. Wakacheka, wakanionyesha trei ya mayai kwenye kioski.

Enzi zetu, rafiki yangu, yai lilikuwa kibeti cha pesa. Kuku alikuwa mwanamke aliyekibeba, na mvua ilikuwa polisi. Waombaji na wezi wa mifukoni walisema lugha moja, maana walishinda barabara moja. Mimi nilifundishwa na mama kipofu aliyeomba sadaka karibu na jiko la nyanya yangu, penye harufu ya mandazi na moshi wa kuni mbichi. Nilikuwa na miaka tisa, nakanda unga na kuchota maji. Kila Ijumaa yule mama alinipa neno moja na onyo lile lile: "Haya ni ya kusikia, si ya kusema."

Asubuhi moja nilimsindikiza nyanya stejini kupanda matatu. Ndani ya kibeti chake mlikuwa na picha ya pekee ya babu. Nyuma yetu mwanamume akamwambia mwenzake, "Kuku ana yai kwapani."

Nikapiga kelele, "Mvua! Mvua imekuja!"

Jua lilikuwa kali. Wale wawili wakatoweka katikati ya magunia ya viazi.

Kesho yake wakaja jikoni. Walijua ni nani aliyenifundisha. Mmoja akapiga teke bakuli la mama kipofu, akamwambia asionekane Majengo tena. Nyanya akainuka na mwiko unaochuruzika mafuta ya moto.

"Huyu ni mgeni wangu," akasema. "Mkimtaka, mpitie kwangu."

Hawakupita. Tangu siku hiyo mama kipofu aliketi ndani, akikata mandazi, asiombe tena. Nilidhani ataacha kunifundisha. Akaanza kunipa maneno mawili kila Ijumaa.

Nyanya na mama kipofu tumeshawazika, na pale jikoni sasa wanauza simu. Nimeandika daftarini maneno arobaini na moja ninayoyakumbuka, na sitaachia hapo. Wiki jana nilienda Sagana kwa mzee aliyewahi kuiba mifukoni. Alikana kuijua lugha hiyo mpaka chai ikapoa, lakini sikuondoka.

"Mama, uko na kichwa ngumu," akasema, kisha akanipa maneno sita.

Nikamuuliza walisemaje wakitaka kuomba msamaha.

Akajibu, "Hiyo hatukuwa nayo."

Nikaacha mstari mtupu daftarini, nikamwomba aendelee.