Nguruwe na Uyoga wa Karen

Mume wangu alianza kurudi nyumbani akiwa ameshiba. Namwekea ugali na sukuma, anamega mara mbili tatu, anasukuma sahani. "Wacha tu, nilionja kitu kazini." Mwanamume wa mwili ule haonji. Yule anakula.

Ni dereva wa mzee mmoja Mchina na mkewe kule mtaa wa Karen. Kwenye jikoni ya hao wazee kuna mpishi, mwanamke wa Machakos, ambaye sikuwa nimemwona hata kwa picha. Lakini nilimjua. Nilijua anacheka sana, ana vishimo mashavuni, hapendi maharagwe, amemjengea mamake nyumba. Yote hayo niliambiwa na mume wangu mwenyewe, bila kuulizwa, akivua viatu.

Na nilijua nyama yake ya nguruwe na uyoga. Hiyo nilisimuliwa kama watu wanavyosimulia harusi.

"Ni laini, huwezi amini. Na haikai kwa moto hata dakika tano."

"Nguruwe? Dakika tano?"

"Haki."

"Basi mtakufa wote na minyoo."

Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Jumamosi moja nilifunga kibanda changu mapema, pale mjini ninapouza nguo za watoto, nikanunua uyoga wa pakiti, tangawizi, na chupa ya sosi ya soya, nyeusi kama oili chafu ya gari. Niliposhuka kwetu Kinoo nikapitia kwa muuza nguruwe wetu.

"Nikatie, lakini toa mafuta yote."

"Yote? Mgonjwa ni nani huko kwenu?"

"Kata nyama, baba."

Nilikuwa nimeapa kwamba usiku huo mume wangu atakula kwangu mpaka ajilegeze kwenye kiti. Kama ni nguruwe na uyoga inayomshikilia Karen, basi iko hata Kinoo.

Nikabandika sufuria ya maji kwenye meko. Kwetu nguruwe huchemshwa kwanza, saa nzima na zaidi, mpaka uma uingie bila kubisha hodi, ndipo ikaangwe. Mama yangu hakuwahi kufanya vingine, na sisi wote tuko hai. Nilikuwa nimekata vipande vya ukubwa wa ngumi ya mtoto, nataka kuvitumbukiza, mume wangu akatokea mlangoni na binti yetu mabegani.

"Kwani unapika nini?"

"Ile ya Karen."

Akamshusha mtoto. "Usichemshe basi. Itakuwa kama viatu. Hebu nipe hicho kisu."

Naomba mnielewe hapa. Huyu mtu sijawahi kumwona na kisu isipokuwa siku ya kukata keki ya harusi yetu. Mama yake aliniambia mapema, mbele ya shangazi zake, kwamba mwanawe hajui jikoni na asifundishwe. Nikaheshimu. Nilipojifungua, nimeshonwa, siwezi kusimama, aliniletea chipsi. Nikamshukuru, mjinga mimi.

Sasa mtu huyohuyo aliikausha nyama kwa kitambaa, akailaza, akaanza kuikata nyembamba, nyembamba hadi unaona mwanga, na hakuwa hata anaangalia vidole vyake. Akainyunyizia unga wa wanga na ile sosi, akaikanda kwa mkono. Uyoga akaukata vilevile, sawasawa. Halafu akafuta kisu na kukitupia kile kitambaa begani.

Hicho kitambaa begani ndicho kilinimaliza. Hakuna mtu hufanya hivyo siku ya kwanza.

"Umejifunzia wapi?"

"Kazini. Nikingoja mzee atoke, huwa namsaidia kukata."

"Kila siku?"

"Si kila siku."

"Na hapa kwako hakuna mtu wa kusaidia?"

"Sasa umeanza."

Miezi yote nilikuwa nalionea wivu sinia la nyama. Heri sinia. Sasa niliwaona wawili wamesimama meza moja, bega kwa bega, yeye anakata, yule anakaanga na vishimo vyake mashavuni, wanaambiana ongeza hiki, punguza kile. Mimi kwa jikoni yangu huongea na ukuta.

"Malizia," nikamwambia.

"Nilikuwa nakuonyesha tu..."

"Nimesema malizia!"

Nikambeba mtoto, nikaenda kukaa kwenye kochi. Mafuta yakalia, tangawizi ikanukia nyumba nzima. Alikuwa anapiga mbinja. Kisha nadhani alikumbuka niko wapi, akaacha.

Alileta sahani tatu na wali. Ilikuwa tamu. Tamu mpaka nikakasirika upya. Mtoto alikuwa anaokota uyoga na kuuita nyama, akaomba ingine. Baba yake hakuwa ameshika kijiko, alikuwa ananitazama.

"Chumvi imepungua," nikasema.

"Imepungua?"

"Sana."

Haikuwa imepungua. Nikamaliza sahani. "Jumatatu ukifika huko, umwambie huyo mpishi umempikia bibi yako."

"Nimwambie ya nini?"

"Mwambie tu."

Jumatatu alirudi na njaa. Nilijua kutoka mlangoni, alivyouliza chakula kabla ya kuvua viatu. Nikampakulia githeri, mahindi na maharagwe, akala yote, akakwangua sahani, akaomba nyongeza.

"Leo hukuonja kitu?"

"Nilingojea mzee kwa gari."

Nikavumilia mpaka amalize maji. "Ulimwambia?"

"Nilimwambia asubuhi."

"Akasema?"

"Ameuliza kama mtoto alikula."

"Mtoto gani?"

"Wetu. Ati kama bado anachagua chakula."

Nikachukua hiyo sahani mbele yake kabla sijaivunja. Bado anachagua. Bado! Kumbe mtoto wangu naye huzungumziwa Karen, kwenye hiyo meza, katikati ya vitunguu.