Nilipima Vipande Nikaviita Chanjo

Kosa ni langu. Siulaumu umeme wala mashine, ingawa vyote viwili vilinipa nafasi nzuri ya kujitetea.

Kazi yangu ilikuwa kupima chanjo za mifugo kabla hazijatolewa. Nina shahada mbili na kitambi. Ile chanjo ilikuwa ya ugonjwa wa miguu na midomo, ya virusi vilivyouawa. Ndani yake tunapima antijeni, yaani ile sehemu ya kirusi mfu inayoufundisha mwili wa ng'ombe kumtambua adui. Lakini chembe zake lazima ziwe nzima. Joto likizivunja, vipande havifundishi kitu cha maana.

Umeme ulikatika wikiendi nzima, friji ikazimika. Jumatatu tukakuta chupa zina joto. Kipimo cha kuhesabu chembe nzima kinachukua muda, na mimi nilikuwa na safari ya Mogitu kwenye sherehe ya kipaimara. Nikachukua kile cha haraka, kinachonasa chembe nzima na vipande bila kubagua.

"Mzee, tusipime zile nzima?" mwenzangu wa maabara akauliza. "Hizi zimelala kwenye joto."

"Virusi tulishaviua kiwandani," nikamjibu. "Unataka vife mara ngapi?"

Akacheka. Nikacheka na mimi, msomi mzima. Majibu yakatoka mazuri mno, nikaipitisha. Mogitu nilikula nyama mpaka nikalegeza mkanda.

Miezi michache baadaye dada yangu mkubwa, mjane anayeishi Bashay, akanipigia simu niende haraka. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pita zizini uwasalimie wagonjwa wako, daktari."

Maksai wake wawili, ambao ndio wanaomlimia, walikuwa hawawezi kupiga hatua. Mate yaliwaning'inia kama kamba. Kwato zilikuwa na vidonda vinavyonuka. Nikamshika mmoja ulimi nimtazame, na ngozi ya ulimi ikabaki mkononi mwangu. Nikatapika pale pale. Dada akadhani ni harufu.

"Nilichanja wote," akasema. "Majirani walikuwa hawataki, wanasema ni maji tu yale. Nikawaambia leteni ng'ombe, mdogo wangu ndiye anayezipima."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Badala yake nikasema, "Labda bwana mifugo aliyewachanja aliiacha juani."

Sentensi hiyo mpaka leo inanitia kinyaa kuliko ule ulimi. Maana Jumapili dada alimsubiri bwana mifugo nje ya kanisa, akamtukana mbele ya watu. Yule baba akaapa kwamba barafu yake haikuyeyuka. Nani angemwamini, wakati ndugu wa maabara alikuwa amesimama pale, kimya, na tai yake shingoni?

Maksai walipona, lakini mvua haikuwasubiri. Dada alilima kwa mkono kipande kidogo mbele ya nyumba, shamba lingine likabaki majani.

Niliporudi tena nikamkuta anapalilia mahindi yake machache, nikamwambia ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yule baba wa watu nilimtukana bure?"

"Ndiyo, dada."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Akavaa viatu, tukaenda kwa bwana mifugo. Yule baba akasema amesamehe, lakini alimpa mkono dada peke yake.

Kazini nako nilijitaja. Chupa zilizobaki zikateketezwa, mimi nikaondolewa kwenye vipimo. Walifanya vizuri.

Wewe ambaye kazi yako ni kuwaambia watu kwamba kitu kiko sawa, ogopa sana kipimo kinachokupa jibu ulilolitaka. Juzi chanjo nyingine ilifika Bashay. Hii ni nzima, imepimwa na mtu mwingine, tena kwa njia ndefu. Dada alifunga zizi lake kwa komeo. Majirani walimtazama yeye kwanza, kisha wakafunga na wao.