Samaki Badala ya Keki

Mimi ndiye niliyekataza keki. Niseme hilo mapema, kwa sababu yaliyonipata jioni ile niliyataka mwenyewe.

Mwanangu alikuwa anatimiza miaka kumi na saba. Naandika mwanangu, ingawa aliyemzaa ni mdogo wangu. Alimwacha kwangu Kirumba akiwa na miezi minane, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akasema atakuja kumchukua akishatulia. Kutulia kukamchukua miaka kumi na sita. Kila Krismasi alituma nguo, na kila Krismasi zilikuwa ndogo, maana kichwani mwake alikuwa bado anamvalisha yule mtoto aliyemwacha. Mimi sijazaa. Nikiulizwa nina watoto wangapi nilikuwa nasema mmoja, na hakuna aliyewahi kunibishia. Tulimweleza mtoto ukweli alipokuwa darasa la saba. Akasikiliza, akauliza kama chai iko tayari, akaendelea kuniita mama.

Sasa alikuwa amemaliza kidato cha nne. Mdogo wangu akapiga simu kwamba anakuja kwenye siku ya kuzaliwa ya mtoto, na angependa safari hii ahamie kwake. "Tumwachie achague mwenyewe, dada," akasema. Nikajibu sawa. Haikuwa sawa hata kidogo. Nilitaka abaki kwangu.

Hofu yangu yote ikaenda kuangukia kwenye keki. Kila mtu anajua mambo yanavyokwenda: mwenye siku yake anakata, anawalisha watu mmoja mmoja, na kipande cha kwanza ni cha mama. Nilijiona nimekaa, mdogo wangu amekaa, na mtoto amesimama na kile kipande mkononi. Nikasema keki ni mambo ya watoto wadogo, sisi tutakwenda kula samaki. Nikachagua mgahawa upande wa Luchelele, meza tano tu, ziwa liko pale chini ya mawe, na wanachopika ni sato, ugali na kachumbari, basi. Nikajiona mjanja.

Kuhusu samaki lazima nieleze kitu. Kazi yangu ni kiwandani, kwenye minofu ya sangara. Kutwa nasimama mezani, napitisha ncha za vidole juu ya mnofu, nikigusa mwiba nauvuta kwa koleo dogo. Nyumbani mtoto hakuwahi kutia samaki mdomoni kabla sijampapasia. Alipofika darasa la nne nikamfundisha: fumba macho, usibonyeze, pitisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani, halafu rudia. Akajua vizuri kabisa. Lakini tukikaa kula aliendelea kunisubiri nimchambulie, na mimi nilijitia kulalamika huku nikichambua.

Mdogo wangu alifika kabla jua halijazama. Nilimtafutia kosa tangu aliposhuka kwenye bajaji, nikaambulia viatu vyake tu. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Tukanawa. Sato akaletwa mzima kwenye sinia, mkia umening'inia nje. Nikanyoosha mkono nianze kuchambua kama kawaida yangu.

"Hongera kwa siku yako, mwanangu," mdogo wangu akasema, na dada anayehudumia akasikia. Akaja na mwenzake wanapiga makofi.

"Jamani, kumbe kuna siku ya kuzaliwa? Keki iko wapi?"

"Dada yangu hapendi keki," mdogo wangu akasema.

"Basi huyu sato ndiye keki. Haya, mwenye siku yake, simama umlishe mama."

Mama tulikuwa wawili. Mtoto akatuangalia, kwanza mimi, halafu mdogo wangu. Akasimama, akamega mnofu wa mgongoni, akafumba macho. Akapitisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani. Akarudia. Akapata mwiba mmoja, akauvuta, akauweka pembeni ya sahani. Nikawa namtazama kwa majivuno, nikijisemea kwamba mikono ile nimeifundisha mimi. Nikafuta midomo. Nikafungua kinywa.

Mkono ukapita mbele ya uso wangu, ukaenda kwa mdogo wangu.

"Kula, mama," akamwambia. "Hamna mwiba."

Mdogo wangu akatafuna huku analia. Wahudumu wakapiga makofi. Mimi nikafunga kinywa changu, na mpaka leo sijui kama kuna aliyeniona nilivyoachama. Mtoto akamega kipande kingine, akazunguka meza kuja kwangu.

"Na mama mkubwa," akasema.

Hakukosea. Dada wa mama ni mama mkubwa, hata mahakamani ningeshindwa. Ila sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo likitoka kwake, na moyo wangu ulivunjika pale pale, na ugali mbele yangu. Nikapokea kile kipande kwa haraka, maana mhudumu alikuwa ameshika simu ya mdogo wangu anatupiga picha.

Kilikuwa na mwiba. Nikauficha chini ya ulimi, nikatabasamu hadi picha ikaisha, ndipo nikautoa na kuuweka kwenye sahani.

"Dada," mdogo wangu akacheka huku anajifuta macho, "na kazi yako yote hiyo, wewe wa kupatwa na mwiba?"

Mtoto hakucheka. Aliutazama ule mwiba, akainama karibu na sikio langu.

"Samahani," akasema. "Chako sikukipapasa. Nilijua wewe utauona mwenyewe."

Nikamwambia hakuna neno, akae ale, sato anapoa. Akakaa karibu na mama yake na kuanza kumchambulia. Swali la kuhama hakuna aliyeliuliza tena jioni ile, nami sikuwa na haja ya kuliuliza.

Waliondoka pamoja Jumatano. Siku hiyo nilipotoka kazini nilipita sokoni, nikanunua sato, nikamkaanga, nikakaa kula. Nilishatoa miiba ya upande mzima, nimeusogeza mnofu ng'ambo ya meza, ndipo nikakumbuka.